Kuta za mimea zianzie ardhini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala yenu kuhusu kuta za mimea, yaani kuta za majengo zilizofunikwa na mimea hai. Picha zilivutia, hasa ule ukuta wa makumbusho ya Quai Branly, Paris, uliobuniwa na mtaalamu wa mimea Patrick Blanc. Lakini mimea ile haina udongo: mizizi imeshika kitambaa, na maji yenye mbolea hushuka kutoka kwenye mabomba ya juu. Pampu ikizimika siku chache za jua kali, ukuta wote unakauka. Kiangazi chetu cha Mtwara ni kirefu. Nani atanywesha ukuta wakati ndoo ya maji ya kupikia inapangiwa foleni?

Tuanze na mmea utambaao uliopandwa ardhini, mathalani mpasheni (matunda ni faida juu ya faida), upande wa magharibi unaochomwa na jua la alasiri. Utambae kwenye chanja ya mianzi iliyoachana na ukuta kama shubiri moja, unyevu usiingie. Nyumba kongwe za mawe na chokaa kule Mikindani zisiguswe kabisa. Manispaa ijaribu kwanza kwenye shule moja, ikimwagilia kwa maji yaliyokwisha kutumika kunawia mikono.

Msomaji wenu,
Mtwara