Kanda za akiba zitafutiwe chumba kinachofaa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Mimi ni mtunza kanda. Kazi yangu ni kupokea kanda za sumaku zilizobeba nakala rudufu za taarifa za kompyuta, kuzihifadhi, na kuzitoa zinapohitajika. Siku hizi taasisi nyingi zinajua umuhimu wa kuweka nakala. Zinanunua mashine nzuri, zinapanga ratiba ya kunakili kila usiku, na asubuhi mtu anakagua kama kazi imekamilika. Ila kanda ikishatolewa mashineni, hakuna anayeuliza inakwenda kulala wapi.

Mimi nimeona zinakolala. Nimefungua kabati la stoo nikakuta kanda zimelazwa, moja juu ya nyingine, pembeni yake ndoo ya deki na matambara mabichi. Kwenye ofisi nyingine zilipangwa dirishani, jua la mchana linazipiga, na baadhi hazikuwa hata na makasha yake. Waliofanya hivyo si wazembe. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kanda ina masharti.

Masharti yenyewe watengenezaji wameyaandika wazi. Kanda za aina ya LTO, ambazo ndizo zimeenea zaidi maofisini, zikiwekwa kwa muda mrefu zinatakiwa zikae kwenye joto la nyuzi 16 hadi 25 za Selsiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 20 hadi 50. Zinaweza kutumika mashineni kwenye joto kubwa kuliko hilo, na hapo ndipo wengi wanapopotea: wanadhani mahali panapofaa kuitumia kanda leo panafaa pia kuiweka miaka kumi. Ile miaka 30 inayotajwa kuwa ndiyo uhai wa kanda haina maana yoyote kama masharti hayo hayafuatwi.

Adui anayenitisha zaidi ni unyevu. Ndani ya kanda kuna utepe mwembamba wa plastiki, na chembe za sumaku zimeshikiliwa juu yake kwa gundi. Gundi hiyo hunyonya maji yaliyomo hewani, na ikikaa nayo miaka mingi huanza kuvunjika. Waliofanya kazi na kanda za sauti za miaka ya 1970 wanaujua ugonjwa huu: utepe unanata, unalia unapopita kwenye kichwa cha kusomea, unaacha uchafu wa kahawia, na ukiulazimisha, tabaka la juu linabanduka pamoja na kilichorekodiwa. Gundi za siku hizi ni bora kuliko za wakati ule, lakini bado si za kuachwa kwenye chumba chenye ukungu ukutani.

Kuna na jambo jingine ambalo macho hayalioni. Kanda moja ya LTO-8, yaani kizazi cha nane cha LTO, ina utepe wa mita 960, upana wake haufiki milimita 13, na juu ya upana huo zimepangwa njia 6,656 za taarifa. Plastiki hupanuka na kusinyaa kadiri joto na unyevu vinavyobadilika. Kwenye njia nyembamba kiasi hicho, badiliko dogo kabisa linatosha kukifanya kichwa cha kusomea kipate shida ya kuifuata njia yake.

Ndiyo maana naomba wakuu wa ofisi waache kuzima viyoyozi vya vyumba hivi jioni na mwisho wa wiki kwa ajili ya kubana matumizi. Mchana chumba kinapoa, usiku kinapata joto, asubuhi kinapozwa tena, na utepe unavutwa na kulegezwa hivyo mwaka mzima. Bora chumba kisicho baridi sana lakini kimetulia kuliko kile kinachopandishwa na kushushwa kila siku. Vilevile kanda ikitoka kwenye chumba cha baridi na kuingia kwenye hewa ya joto na mvuke, umande hujikusanya juu yake. Iacheni ndani ya kasha lake saa 24 izoee hewa ya mahali ilipofika ndipo iingizwe mashineni. Najua wakati huo bosi amesimama nyuma yako anataka faili lake. Mwambie asubiri.

Neno moja kuhusu sefu. Watu wanaziweka kanda kwenye sefu ya kuhifadhia nyaraka wakiamini moto hautazigusa. Sefu nyingi za aina hiyo zimepimwa kwa ajili ya karatasi, na ndani yake joto linaruhusiwa kufika karibu nyuzi 177, kwa sababu karatasi huvumilia. Plastiki ya kanda haivumilii. Tena kuta za sefu hizo hutoa mvuke zinapochomwa na moto, na mvuke huo unabaki humo humo ndani. Zipo sefu zilizotengenezwa kwa ajili ya kanda, ambazo ndani hazitakiwi kuzidi nyuzi 66 hivi. Ni ghali. Taasisi isiyozimudu ihakikishe seti nyingine ya kanda iko kwenye jengo jingine kabisa, na zisisafirishwe huko kwenye buti la gari lililoanikwa juani.

Mengine ni ya kawaida: kanda zisimame wima ndani ya makasha yake, vumbi lidhibitiwe, spika kubwa na mota zikae mbali kwa sababu ya sumaku zake, na kanda iliyoanguka ikaguliwe kabla ya kuingizwa mashineni.

Ninachowaomba wakubwa si fedha nyingi. Wanunue kipima joto na unyevu kinachotunza rekodi. Wamtaje kwa jina mtu mmoja atakayekisoma, awe na ufunguo wa chumba na mamlaka ya kukataa chumba hicho kisigeuzwe stoo ya viti vibovu. Na mara kwa mara achukue kanda ya zamani, aisome yote, aone kama taarifa zinarudi. Wakaguzi nao, wanapouliza kama nakala zipo, waombe kuona rekodi za joto na unyevu za chumba zilimowekwa. Ndani ya kanda hizo mna matokeo ya vipimo vya wagonjwa, alama za wanafunzi na akiba za watu ambao hawajui hata kama chumba hicho kipo.

Wako,
Mtunza Kanda