Shukrani kwa dereva wa lori tuliyekutana naye njia ya Kibaigwa

Kwa niaba ya familia yangu, na ya washarika wa makanisa ya Wilaya ya Kongwa ambayo nimehamishiwa kuyaongoza kutoka Morogoro, napenda kumshukuru hadharani dereva aliyekuwa akielekea soko la Kibaigwa kupakia mahindi, ambaye hakukubali kututajia jina lake. Gari lililobeba vyombo vyetu liliharibika usiku baada ya kupita Gairo, mvua ikiwa imeanza. Naye alisimama bila kupungiwa mkono, akahamishia mizigo yetu kwenye lori lake, akaanza na masanduku ya vitabu na kanzu za ibada, akayafunika kwa turubai lake kabla hata ya kuuliza tunakwenda wapi. (Magodoro yalilowa, lakini hayo huanikwa.) Alipita Kibaigwa alikopaswa kuishia, akatufikisha njia panda ya Mbande walipokuwa wakitusubiri wazee wa kanisa, na nilipompa fedha ya mafuta alinijibu, “Mchungaji, wanunulie watoto chai.”

Ndugu yangu, turubai lako tulilisahau juu ya mizigo. Limehifadhiwa nyumbani kwa mchungaji, Kongwa mjini. Tafadhali pitia ulichukue, nasi tupate kukukaribisha chakula.