Barua ya Wazi kwa Meya: Mshauri wa Watoto Yuko Wapi?

Mheshimiwa Meya,

Salamu nyingi. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa tangazo la ofisi yako linasema wakalimani wapo. Tuone.

Jumamosi iliyopita mtoto mwingine wa mtaa wetu amepigwa risasi, yumo chumbani kwao, imeingilia dirishani. Mwanangu alipopigwa mwaka jana ulikuja na mishumaa, wapiga picha na ahadi: taa za barabarani, kusafisha viwanja vilivyotelekezwa, na mshauri wa watoto shuleni kwao. Mishumaa tuliiona.

Mwanangu ana miaka 11. Risasi bado imo pajani. Madaktari walisema kuitoa kungemdhuru kuliko kuiacha, na mimi nawaamini. Ila shule yetu ina walinzi wenye vifaa vya kukagua chuma mlangoni (shule za upande wenu hazina), na kila asubuhi kifaa kikifika pajani kinalia. Ananyoosha mikono, anatoa barua ya hospitali iliyokwisha kuchanika kwenye mikunjo, wenzake kwenye foleni wanamtazama. Siku hizi kukikucha tu, tumbo linamuuma. Hospitali ilimshona vizuri, ikaturudisha nyumbani na karatasi ya namba za simu za washauri. Wa kwanza hapokei Medicaid, bima ya serikali kwa sisi wenye kipato kidogo. Wa pili ana foleni ya miezi. Wengine hata simu hawapokei.

Usiniambie ni bahati mbaya. Tangu 2020 risasi zinaua watoto na vijana wa Marekani kuliko ajali za magari, na watoto Weusi wanakufa kwa risasi mara kadhaa zaidi ya Wazungu. Chicago, upande wa Kusini, hospitali ya chuo kikuu ilifunga kitengo cha majeruhi watu wazima mwaka 1988. Mwaka 2010 kijana wa miaka 18 alipigwa risasi jirani na hospitali hiyo, akakimbizwa hadi katikati ya jiji, akafa. Watu waliandamana miaka, na 2018 kitengo kikafunguliwa. Nasi tuandamane? Philadelphia walisafisha viwanja, wakapanda nyasi na miti, na watafiti wakakuta mashambulizi ya risasi yamepungua kwa asilimia 29 katika mitaa maskini. Nyasi, Mheshimiwa! Sijaomba helikopta.

Nilidhani tunasahauliwa kwa kuwa wengi wetu tuliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, bado hatuna uraia, kura hatuna. Lakini majirani zetu Wamarekani Weusi wanapiga kura kila uchaguzi, na giza lao ni hili hili letu. Basi sababu unaijua wewe.

Msaidizi wako alinijibu kwamba fedha za serikali kuu zimekatwa. Ni kweli, Aprili 2025 Wizara ya Sheria ilikata ruzuku za vikundi vinavyozuia vurugu mitaani. Lakini ahadi ile uliitoa wewe, mbele ya kamera, hukutaja Washington hata mara moja.

Taa zikichelewa, zichelewe. Viwanja navyo, haya. Naomba mshauri. Mmoja tu, anayekaa shuleni, asiyeuliza bima. Awepo kabla mtoto huyu wa Jumamosi hajaruhusiwa kutoka hospitali. Na safari hii nijibiwe kwa maandishi, si kwa mishumaa.

Wako,
Mama wa yule wa mwaka jana