Tuanzie Muharraq

Manama, Bahrain
Ijumaa, baada ya alasiri

Shoga yangu Zuhura,

Assalaamu alaykum. Sisi huku wazima, wa shukrani, na wanangu wanakusalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa bado kazini nimejibanza ngazini. Miaka saba nakuita, leo unaniambia unakuja! Nimewapigia simu nyumbani Mombasa kuwapa habari kabla hata sijakujibu wewe.

Sasa tuje kwenye ratiba yako. Siku tatu, karibu zote Manama: maduka makubwa, yale majumba pacha yenye mapanga matatu ya upepo katikati, na uwanja wa mbio za magari wa Sakhir. Niwie radhi, shoga, naipangua yote. Majumba yale utayaona upende usipende, hayajifichi. Omba siku tano, na siku ya kwanza tusivuke hata daraja. Uwanja wa ndege uko Muharraq, kisiwa kilicho jirani na hiki cha Manama, nami nataka uanzie hukohuko.

Sababu yangu ni hii. Mwaka jana niliingia nyumba moja ya zamani ya huko, ya mfanyabiashara wa lulu, nikainua macho darini. Boriti! Boriti za mikoko, zimelala sambamba, zimekuwa nyeusi kwa umri, na vifundo vyake na kupinda kwake kama zile za chumba cha bibi yako kule Mkomani. Juu yake wamepishanisha mianzi iliyopasuliwa, kisha jamvi, kisha udongo. Kuta ni mawe ya baharini na chokaa. Na chumba chenyewe kirefu chembamba kama vyenu vya Lamu, kwa sababu ileile: boriti haivuki mita tatu hivi, na fundi hujenga kwa kadiri ya mti alioupata. Nikamuuliza mlinzi wa mlangoni miti hii imetoka wapi. Akanitazama usoni, akasema, "Min as-Sawahil." Kutoka kwenu.

Nilishindwa kuondoka pale. Nilimkumbuka babu yako akitusimulia alivyokuwa akikata miti mikokoni, matope yamemfika magotini, akiihesabu kwa korija, ishirini ishirini, akijua unene wake, hii boriti, hii mazio, hii pau, kwa kuishika tu. Majahazi yakija na kaskazi yamebeba tende, yakingoja kusi yarudi na miti. Tulipomuuliza miti inakwenda wapi, alisema "Arabuni," basi, hadithi ikaishia hapo. Zuhura, mwisho wa hadithi ile uko huku. Kisiwa hiki hakina mti wa kujengea ila mtende, kwa hiyo watu wa huku wamelala chini ya miti yetu vizazi na vizazi. Ndiyo maana sitaki uanze na maduka.

Basi siku ya kwanza utapumzika hukohuko Muharraq mpaka jua lipoe, kisha tutaitembea Njia ya Lulu. Ni mwendo wa kilomita tatu na nusu, kutoka ngome ndogo ya Bu Mahir kando ya maji, kuingia ndani ya mji wa kale hadi nyumba za ukoo wa Siyadi, wafanyabiashara wa lulu. Majengo 17 pamoja na pwani yake na maeneo matatu ya chaza baharini yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2012. Vichochoro vimejaa kona kama vya Lamu, na giza likiingia zinawaka taa za duara, nyeupe, utadhani lulu zimening'inizwa hewani.

Ukiwa huko utaisikia lugha yako kila hatua. Lulu wanaiita lulu. Mkuu wa jahazi ni nokhadha, nahodha huyuhuyu wetu. Mzamiaji alibanwa pua kwa kibanio kidogo kama cha kuanikia nguo, akafungwa jiwe mguuni, akashuka kwa pumzi moja, na mwenzake juu ameshika kamba kumvuta. Miezi minne ya joto kali, tangu Juni, walikuwa baharini. Nyimbo zao, fidjeri, bado zinaimbwa kwa ngoma na makofi, na sauti ile nzito ya chini inatisha kidogo ukiisikia mara ya kwanza. Lakini usidhani ilikuwa raha. Mzamiaji alichukua posho kwa nahodha kabla ya safari, lulu zisipotosha akabaki na deni, na deni lile mwana alilirithi. Kisha Wajapani wakajua kuzifuga lulu, soko likaanguka, na mwaka 1932 mafuta yakatoka kwenye kilima cha Jebel Dukhan. Mambo yakageuka.

Hapohapo Muharraq tutaingia nyumba ya Sheikh Isa bin Ali, mtawala wa zamani wa Bahrain, ukasimame chini ya mnara wake wa upepo. Ni shimo refu la mraba linalonasa upepo juu na kuushusha chumbani. Simama katikati, ufumbe macho. Halafu halua: ya huku ni nyekundu kwa zafarani, inavutika, ina njugu, na unaitelemshia kwa kahawa chungu. Mimi bado nasema ya Mombasa inaishinda, ila nataka uamue wewe.

Ngome ya Bahrain tuiwekee alasiri nzima. Mara ya kwanza nilipelekwa na kundi la watalii, tukapewa dakika 20, nikatoka sijaona kitu. Kile kilima chote kinachobeba ngome ni miji iliyozikana, mmoja juu ya mwingine, tangu enzi za Dilmun, dola ya kale ya huku, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Wareno walewale wa Fort Jesus walikuwa hapa pia, wakafukuzwa mwaka 1602, sisi tukawa bado tunao karibu miaka mia mbele. Asubuhi yake tupite Makumbusho ya Taifa, kuna mabakuli ya udongo yaliyochimbwa palepale ngomeni, ndani yake mifupa ya nyoka. Watu walizika nyoka chini ya sakafu, pengine pamoja na lulu.

Siku moja tutakodi gari twende A'ali, kwenye makaburi ya Dilmun, vilima vya udongo vilivyosimama katikati ya nyumba za watu, wengine wameegesha magari pembeni. Wafinyanzi wako karibu, utanunua chetezo cha kumpelekea mama. Mti wa Uhai uko jangwani, mkubwa, peke yake, umri wake kama miaka 400. Tutauona kwa kuwa njia ni hiyohiyo. Msikiti wa Al-Fateh tuswali magharibi, na sokoni Bab al-Bahrain nenda na mwanangu mkubwa, anajua kupatana bei kuliko mimi.

Ya muhimu: usikate tiketi kabla visa haijatoka. Njoo Januari, kiangazi cha huku joto hupita digrii 40 na unyevu juu yake. Januari usiku hushuka hadi digrii 14, kwa hiyo chukua sweta, usinicheke. Dinari moja ni kama dola 2 na senti 65, basi ukiona bei "tatu" fikiri kwanza. Wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, na Alhamisi jioni magari ya Wasaudi humiminika kupitia daraja la kilomita 25, tusiwe barabarani saa hizo.

Na nakuomba kitu kimoja. Ile fimbo ya babu yako aliyotia alama za kupimia miti, mama anayo bado nyuma ya kabati? Ikiingia sandukuni, ije. Nilizipima boriti zile kwa shibiri tu, na mlinzi ameniahidi ngazi.

Nitumie tarehe kabla ya mwisho wa mwezi huu niombe likizo. Msalimie mama, na watoto wote.

Wako,
Saida