Mkesha wa Taita havuki bonde

Mhariri,

Kila mjadala wa misitu ya Taita unapozuka, hoja moja haikosi: ndege ana mabawa, msitu huu ukikatwa atahamia ule. Kwa mkesha wa Taita hoja hiyo si kweli.

Ndege huyu mwenye kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa na mbavu za rangi ya kutu haishi popote duniani ila kwenye vilima vya Taita, kusini mashariki mwa Kenya. Amebaki hasa Mbololo, msitu wa takriban hekta 200, na Ngangao na Chawia, ambayo kila mmoja ni kama nusu ya huo. Kati ya misitu hiyo kuna mahindi, nyumba, mikaratusi na misonobari, na Mbololo imetengwa na vilima vya Dabida kwa bonde kavu la Paranga. Mkesha hula chini. Hupekua majani yanayooza kwenye kivuli kizito, akitafuta wadudu na matunda yaliyoanguka. Akifika ukingoni, jua linapopiga udongo mtupu, hana chakula wala maficho, basi hugeuka.

Madhara ya kutengwa huko yanahesabika. Kundi lililojifungia lenye wazazi 50 hupoteza asilimia 1 ya utofauti wake wa vinasaba kila kizazi; wakiwa 20, asilimia 2.5. Zidisha idadi ya wazazi kwa mbili, kisha gawanya 1 kwa jibu lake, utapata kiasi hicho. Na hapo tunahesabu wanaozaa tu, si kila anayeonekana: dume lisilo na jike halimo. Aina za jeni zinazopotea Chawia si lazima ziwe zile zinazopotea Ngangao, ndiyo maana makundi huzidi kuachana. Chawia, ambako msitu umeharibika zaidi, watafiti walipima miguu ya mikesha wakakuta ule wa kushoto na wa kulia inatofautiana urefu kuliko kwingineko. Hiyo ni dalili ya ndege aliyekua kwa shida.

Utafiti uliolinganisha aina saba za ndege wa vilima hivyo ulionyesha kuwa wasiopenda kuhama ndio ambao makundi yao yametofautiana zaidi kijenetiki. Msitu ni ule ule, mashamba ni yale yale; kinachowatenganisha ni tabia ya ndege mwenyewe.

Kupima vinasaba kwenyewe kunataka uangalifu. Nyavu laini hutegwa alfajiri na kukaguliwa mara kwa mara, maana ndege mnyevu akining'inia muda mrefu hufa kwa baridi. Huvishwa pete mguuni, huchomwa mshipa wa bawa, tone moja la damu huhifadhiwa kwenye spiriti, kisha huachiwa. Makosa huanzia kwenye sampuli: ukichukua makinda wa kiota kimoja, ndugu hao watakudanganya kuwa kundi zima ni la ukoo mmoja. Ukitega nyavu msitu mmoja tu, utasema hakuna anayehama, kumbe aliyehama hukumfuata. Tena vinasaba huchelewa kusema: msitu uliokatwa juzi bado unaweza kuonyesha undugu wa enzi ulipokuwa umeungana. Asiyejua hilo atatangaza kwamba mambo ni shwari.

Kwa hiyo naomba wanaopanga kupanda miti Taita wasihesabu miche pekee. Mkanda wa mikaratusi kati ya misitu miwili haumsaidii mkesha, kwa sababu chini yake hakuna zulia la majani analolitaka. Pandeni miti ya asili, mueri ukiwamo, anzeni kwenye kingo za vijito ambako unyevu upo, na muache vichaka viote katikati badala ya kufyekwa kila msimu. Mifugo izuiwe miaka ya mwanzo, la sivyo miche italiwa na udongo utashindiliwa.

Wapo wanaopendekeza kuwabeba ndege kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Kwa kanuni, mhamiaji mmoja anayezaa kila kizazi hupunguza sana upotevu wa vinasaba. Neno zito hapo ni "anayezaa". Kumpeleka Chawia wakati msitu wa Chawia haujatengenezwa ni kumtoa penye chakula na kumtupa penye njaa. Msitu utangulie, ndege afuate.

Msomaji wenu,
Voi