Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Tuna chakula cha siku ngapi?

Mheshimiwa Waziri unayesimamia chakula chetu,

Assalaam alaykum.

Naandika kutoka Jambiani, Zanzibar. Jumatatu iliyopita nilikwenda dukani kununua mchele wa mapembe. Muuzaji akanambia umepanda tena, na gunia limebaki moja, meli haijaja. Nilikusudia kilo tano, nikarudi na mbili. Njiani nikaikumbuka Machi 2020, nikaona kunyamaza basi.

Mwezi ule nilikuwa mpishi katika hoteli moja ya huku pwani. Ndege za watalii zilipokatika kwa maradhi ya korona, haikupita wiki tukaambiwa twende nyumbani, tutaitwa. Hakuna mshahara wala barua. Mume wangu mvuvi. Akirudi na pweza, wa kumnunua hayupo, kwa sababu pweza wetu huliwa na wageni. Nikarudi kwenye mwani, kazi niliyoiacha kwa kuwa maji ya moto yanauozesha na bei yake haivishi watoto. Na mwani nao unasubiri mnunuzi wa nje! Kilichotulisha miezi ile ni muhogo wa konde ya mama yangu kule maweni. Asiyekuwa na konde alikula nini, Mheshimiwa? Mimi nawajua majirani waliolala na chai kavu.

Wageni walirudi, lakini misukosuko haikwisha. Vita vya Ukraine vya 2022 vikapandisha ngano na mafuta, boflo likapungua. Julai 2023 India ikazuia mchele mweupe usio basmati kutoka nchini mwao, na sisi tunaokula wali mchana na usiku tukaanza kuhesabu vibaba. Hata umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka Bara. Ulipokatika Desemba 2009, Unguja tulikaa gizani mpaka Machi 2010. Mara zote hizo kosa halikuwa letu, lakini njaa na kiza vilikuwa vyetu.

Baada ya korona alikuja mkubwa mmoja kwenye mkutano wa shehia yetu. Akasema tumejifunza, litawekwa ghala la akiba, hatutashikwa tena hivi. Tulimpigia makofi. Mimi nilikuwa mstari wa mbele na mtoto mgongoni. Mtoto huyo sasa yuko skuli. Ghala sijaliona. Nadhani watalii waliporudi na fedha ikaonekana, hofu ikasahauliwa. Kama nakosea, nisahihishe hadharani, nitafurahi.

Mambo ya ulinzi siyajui, lakini nchi ya visiwa isiyojua itakula nini meli zikisimama, naona haijalindwa, hata boti za doria zikijaa baharini.

Sikuombi mkopo wala mchele wa bure. Nakuomba namba moja. Bandari ya Malindi ikifungwa kesho, Unguja tuna chakula cha siku ngapi? Na Pemba je? Bei ya mafuta ya gari ZURA, mamlaka inayodhibiti maji na nishati Zanzibar, huitangaza kila mwezi na sote tunaisikia. Basi na siku za chakula zitangazwe hivyo hivyo, kila mwezi, redioni, na masheha wabandike. Zikiwa kumi, tuambiwe kumi, tujue kupanda muhogo.

Siku ngapi, Mheshimiwa? Ramadhani haiko mbali. Nijibu kabla mwezi haujaandama.

Mama wa watoto wanne,
Jambiani, Unguja