Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: mazoezi, ada, na lile suala la picha ya Pantani

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya baiskeli hapa Dodoma, wazee wetu, kina mama mnaotupikia uji siku za mashindano, na nyie vijana, habari zenu.

Katibu kaniambia niandike fupi. Nitajitahidi, ila kuna jambo moja mwaka huu limetugawa vibaya, hilo nitalikalia, mengine nitayapitia haraka.

Mazoezi ya Jumamosi yameendelea vizuri. Njia ya Msalato kwenda Veyula ndo imebaki na nafuu, ile ya Ihumwa kuelekea Chamwino tumewakataza vijana asubuhi maana malori na mabasi ya Dar hayana huruma na mtu wa baiskeli. Asiye na elementi haingii barabarani, hilo halina mjadala. Ada bado zinasumbua, spea zimepanda na cheni za baiskeli za mashindano mpaka leo tunaagiza Dar au Arusha. Mahesabu yote mweka hazina atawasomea mwenyewe.

Sasa lile suala. Wote mnaijua picha ya Marco Pantani iliyobandikwa kwenye kibanda cha fundi, yule Mtaliano mwenye upara na kitambaa kichwani. Mwezi wa nane mwanachama mmoja akaandika kwenye grupu kwamba itolewe, eti hatuwezi kulea vijana chini ya picha ya mla unga na mwizi wa mashindano. Ikawa vita, watu wakatoka kwenye grupu, wengine hawasalimiani mpaka leo. Na wote tunajua picha ilikuwa kisingizio, kilichokuwa kinasemwa ni kijana wetu (simtaji jina) aliyekubali kuchomwa sindano na mtu wa duka la dawa kabla ya mashindano ya mkoa jirani, akaambiwa ni vitamini, na yeye mwenyewe akaja kutuambia baada ya wiki kwamba ana wasiwasi. Alikuja mwenyewe jamani. Hakuna aliyemkamata.

Ndo maana nataka tuongee kuhusu Pantani kwa ukweli, maana tumemtukana wengi wetu bila kujua habari yake.

Huyu mtu mwaka 1998 alishinda Giro d'Italia na Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Italia na Ufaransa, mwaka huohuo, na tangu hapo ilichukua mpaka 2024 mtu mwingine kurudia, Pogačar wa Slovenia. Miaka mitatu nyuma, 1995, alikuwa amegongwa na gari kwenye mashindano ya Milano–Torino mguu ukavunjika vibaya, watu wakasema basi. Halafu tarehe 27 Julai 1998, mvua na baridi, kwenye mlima Galibier akachomoka peke yake, kule juu akasimama kwanza avae koti la mvua kabla ya kushuka, wakati Mjerumani Ullrich mwenye jezi ya njano, yaani anayeongoza Tour, alikuwa anaishiwa nguvu huko nyuma. Siku ile Ullrich alimaliza karibu dakika 9 nyuma yake. Sisi tunaojua kupanda Ntyuka na jua la saa saba tunaelewa kidogo dakika 9 maana yake nini.

Lakini ile Tour ya 1998 ilikuwa chafu. Kabla hata haijaanza, mhudumu wa timu ya Festina alikamatwa mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa na gari limejaa dawa, ikiwemo EPO, polisi wakaanza kupekua mahoteli, timu zikajitoa, waliopanga mstari wa kuanza walikuwa 189 na waliofika Paris 96. Mwaka 2013 ripoti ya Seneti ya Ufaransa ikaonyesha sampuli za 1998 zilizopimwa upya baadaye, na kati ya watatu waliopanda jukwaani Paris, Pantani na Ullrich walikuwa na EPO, na sampuli ya Mmarekani Julich ilitiliwa shaka. Kwa hiyo mimi sisimami hapa kuwaambia Pantani alikuwa msafi. Hakuwa.

Kwa wasiojua, EPO ni homoni ambayo figo zenyewe zinatengeneza, inaambia mwili uzalishe chembe nyekundu za damu. Hospitali wanawapa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu, hiyo ni dawa halali kabisa. Mzima akijichoma damu inabeba oksijeni nyingi kuliko kawaida na anapanda mlima kama hachoki, ila damu inakuwa nzito na inaweza kuganda, na hapa kwetu Dodoma unapokaukiwa maji barabarani ndo inazidi kuwa nzito. Kipindi kile hakukuwa na kipimo cha kuikamata EPO yenyewe, ndo maana kuanzia 1997 shirikisho la baiskeli duniani, UCI, likaweka kikomo, chembe nyekundu zisizidi asilimia 50 ya damu, ukizidi unapumzishwa siku 15 kwa ajili ya afya yako.

Sasa sikilizeni hii. Tarehe 5 Juni 1999, Madonna di Campiglio, Pantani anaongoza Giro kwa zaidi ya dakika 5, zimebaki siku mbili tu. Asubuhi wanampima damu, inasoma kama 52. Akatolewa. Kisheria haikuwa kosa la dawa, ilikuwa zuio la kiafya la wiki mbili, angerudi mwezi huohuo. Lakini alitoka pale hotelini katikati ya waandishi na maaskari na kuanzia siku hiyo Italia nzima iliyokuwa inamshangilia ikamgeuka, na waendeshaji wenzake, ambao wengi walikuwa wanatumia dawa hiyohiyo, wakanyamaza. Familia yake imedai kwa miaka mingi kwamba alichezewa mchezo, waendesha mashtaka wamefungua jalada upya zaidi ya mara moja. Mimi hilo siliamulii. Ninachokiona ni kwamba mtu mmoja alibebeshwa mzigo wa msafara mzima.

Akarudi, 2000 akashinda hatua mbili za Tour, Mont Ventoux na Courchevel, halafu akaporomoka. Kokeini, msongo wa mawazo, kujifungia ndani. Tarehe 14 Februari 2004 alikutwa amekufa kwenye chumba cha hoteli Rimini, kokeini imemzidi. Miaka 34.

Kuna mzee wetu aliniuliza, mbona Mmarekani Armstrong amenyang'anywa mataji saba ya Tour na huyu Pantani jina lake bado lipo kwenye orodha ya washindi? Swali zuri. Riis wa Denmark naye alikiri 2007 kwamba alitumia EPO na ushindi wake wa Tour ya 1996 bado umeandikwa. Haki haikwenda sawa kwa wote, hilo ni kweli. Ila mimi Armstrong namweka pembeni kwa sababu nyingine, yeye aliwaandama waliosema ukweli. Bassons, Mfaransa aliyekuwa anasema hadharani kwamba mchezo una dawa, alibanwa mpaka akajitoa Tour ya 1999. Emma O'Reilly aliyekuwa mhudumu wa timu ya Armstrong alitukanwa na kushtakiwa. Hilo kwangu ni baya kuliko sindano. Pantani ubaya wake mwingi alijifanyia mwenyewe.

Na hapa ndo narudi kwetu. Kijana wetu alisema ukweli, na tulichomfanyia kwenye grupu mlikiona, maskrinishoti yakasambaa mpaka kwa watu wasio wanachama, mama yake akaulizwa sokoni. Ameacha mazoezi, anaendesha bodaboda pale Nkuhungu. Nimeenda kumwona na makamu, alikuwa anafuta mnyororo wa pikipiki, akatujibu kwa heshima zote lakini machoni hakutuangalia. Ana miaka 19.

Kamati imekaa na tunaleta kwenu mambo yafuatayo tuyapigie kura. Kijana arudishwe uanachama wake bila masharti ya kudhalilisha, akae nje ya mashindano kwa muda ambao kamati itapanga baada ya kushauriana na wakubwa wa mchezo, ila mazoezi aje kama kawaida kuanzia Jumamosi hii. Mtu yeyote atakayekuja kusema mwenyewe alichopewa, jina lake lisitajwe kwenye grupu, atakayelisambaza atatolewa. Sindano yoyote kabla ya mashindano ni marufuku isipokuwa kwa cheti cha daktari kilichoonyeshwa kwa kamati mapema, na vidonge vya kuongeza nguvu vinavyouzwa mitaani msinunue, hamjui ndani kuna nini. Nimemwomba pia nesi mmoja ambaye ni mke wa mwanachama aje Januari kuwaelimisha vijana kuhusu damu na dawa, amekubali na hataki posho.

Picha nimemwambia fundi aiache, na pembeni yake abandike karatasi yenye habari yote, ushindi, EPO na kifo, ili kijana anayekuja kuziba pancha asome mwenyewe. Anayepinga asimame aseme kikaoni, sio kwenye simu.

Uchaguzi wa katibu msaidizi utafuata baada ya mweka hazina kusoma mahesabu. Wenye madeni ya ada tafadhali muoneni kabla hamjapiga kura.